Nyati Aliyekwenda Kula Chumvi Nyingi

"Ngano inakuja."
"Na ije."
"Inakuja kwa miguu, imechoka."
"Ivutie kigoda ikae."
"Ikikaa itaomba maji."
"Maji yapo, ila yana zamu."

Haya, imekaa. Na mimi nimekaa. Ila kabla sijaanza, nani kapika maharage haya? Sigombi, nauliza tu. Tangu daktari wa zahanati aseme figo zangu zimechoka, nyumba hii mnanipikia kama mgeni msiyemtaka arudi. Nilimwambia yule daktari, mwanangu, mimi mwenyewe nimechoka, sembuse figo. Hata kucheka hakucheka. Akasema, bibi, chumvi basi. Sasa sikilizeni ngano ya chumvi, maana nikiitajataja labda nitaionja.

Paliondokea digidigi mmoja, jina lake Mize.

Digidigi mnamjua. Swala mdogo kuliko swala wote wa nyika ile, hafiki goti la mtu mzima, vijiguu vyembamba, na pua ndefu inayochezacheza muda wote. Mumewe alichukuliwa na chui, akamwacha na mtoto mmoja wa kunyonya. Alikuwa amechoka Mize. Ukimwambia neno lolote alikujibu neno moja: "Haya." Jua limezidi, Mize. "Haya." Majani yamekwisha upande huu, Mize. "Haya." Chui kaonekana tena, Mize. Alimwamsha mtoto wakahama kichaka, na huku akihama akasema, "Haya."

Sasa, digidigi si mtu wa kisimani. Wenzake wakienda kunywa yeye hubaki kichakani kwake. Maji yake ni umande wa alfajiri na ule unyevu ulio ndani ya majani, basi. Mtaniuliza anaishije. Siri iko kiunoni, kwenye figo. Figo ya digidigi ni kama mama wa nyumba isiyo na bomba. Maji aliyooshea mchele anaoshea vyombo, ya vyombo anapigia deki, ya deki anamwagia mchicha. Figo ile nayo hivyo hivyo: maji yakipita inayarudisha mwilini, yakipita tena inayarudisha tena, mpaka chumvi na takataka zote zitoke kwa matone machache mazito. Mize akikojoa husikii kitu ila to, to, to. Amemaliza.

Nyati je? Figo ya nyati imelelewa mtoni. Haijui kubana. Yeye akisimama kukojoa ni chwaaaa, na ndege wanaruka. Ya binadamu iko katikati. Si bahili, si mfujaji, ni kama karani mwenye kazi nyingi asiyepewa likizo. Lakini ya kwangu tuiache.

Mwaka huo mvua ilikatika. Mto ukakauka, ukabaki mchanga. Maji yalikuwa chini ya mchanga, na aliyejua pa kuchimba ni Bibi Ndovu, mkubwa wa nyika nzima. Alichimba kisima kwa mguu na mkonga, akasimama ukingoni kugawa zamu. Ukifika unamwamkia kwanza.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Kunywa, umpishe mwenzio."

Unakunywa, unampisha mwenzio. Hakuna aliyepigana. Ukiuliza kwa nini Bibi Ndovu ndiye wa kugawa, wanakwambia, ah, yule kala chumvi nyingi. Kisha Bibi Ndovu akafa kwa uzee wake, Mungu amrehemu, na kesho yake mapema kisimani palikuwa na kishindo. Ndi, ndi, ndi.

Ni Nyati. Kijana tu, pembe ndizo zimetangulia kukua. Aliingia kisimani na kwato zake, akanywa gugu, gugu, gugu, halafu akalala humo humo kwenye maji, akajigeuza kwa raha zake. Akasema, "Kuanzia leo mimi ndiye Mwinyi wa kisima. Mniamkie kama mlivyomwamkia yule kikongwe."

Wakamwamkia. Wafanyeje, wana kiu. Pundamilia akaja, "Shikamoo Mwinyi," lakini mdomo ukamcheza, maana Nyati huyo alizaliwa yeye akiwa na wajukuu. Nyati akamwona. "Hukuniamkia vizuri. Rudi nyuma." Akaja Kanga, "Shikamoo Mwinyi," akasema haraka haraka. "Hukuniamkia vizuri. Rudi nyuma." Akaja Ngiri akapiga magoti kabisa, ila ngiri hupiga magoti hata akila, kwa hiyo haikuhesabiwa. "Rudi nyuma." Jua likazama, hakuna aliyekunywa.

Mize yote haya aliyasikia kwa mbali, wala hayakumhusu. Lakini upepo mkavu ukavuma, umande ukakoma. Majani yakawa makavu, ukiyatafuna yanalia kacha kacha mdomoni wala hayana kitu. Asubuhi moja mtoto akanyonya, akaacha, akanyonya tena, akamwangalia mama yake. Maziwa hakuna. Figo inaweza kubana, jamani, lakini maziwa hayatengenezwi kwa kubana. Maziwa yanataka maji. Mize akamficha mtoto kichakani, akamwambia asitikisike, akashuka mtoni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakuwa na hila yoyote kichwani. Alikuwa anataka maji tu, mtoto asife.

Akafika, akasema, "Habari za hapa."

Nyati akainua kichwa kutoka majini. "Habari za hapa? Mimi naulizwa habari za hapa? Mbona huniamkii?"

Hapo Mize angesema shikamoo yangeisha. Ila uchovu una mambo yake. Ukichoka sana hata uwongo mdogo unakuwa mzito kuubeba. Akasema, "Shikamoo ni ya waliokula chumvi nyingi. Wewe umekula ngapi?"

Ngiri akafumba macho asione kwato zinavyoshuka. Lakini kwato hazikushuka. Nyati alikuwa amekunja uso anafikiri, na kufikiri kulimchukua muda.

"Chumvi?" akasema. "Kumbe ni chumvi?"

Mize akamtazama. Kumbe bwana huyu hajui. Amekua bila wakubwa, hakuna aliyemwambia kwamba kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi. Yeye kasikia chumvi, kaelewa chumvi. Mize alitaka kucheka, akajizuia, kwa kuwa ukicheka unafungua mdomo, na mdomo ukifunguka unatoa unyevu.

"Ndiyo," akasema. "Bibi Ndovu alikula nyingi sana."

"Iko wapi?"

"Nyuma ya kilima kile. Uwanda wote mweupe. Nenda kale."

Nyati akatoka kisimani maji yakimchuruzika, akaenda. Ndi, ndi, ndi, mpaka kishindo kikapotea.

Mngedhani ngano imekwisha. Na ingekwisha, kama wanyama wangekuwa na akili ya kupanga foleni. Lakini aliyekuwa akigawa zamu amekufa. Pundamilia akasema mimi kwanza, nina wajukuu. Swala akasema mimi kwanza, nilifika mapema. Wakasukumana, wakatiana mateke, maji yakatibuka. Mize alisimama pembeni akingoja wamalize, maana mtu wa kimo chake akiingia katikati ya miguu ile hatoki. Walipoanza kupungua akasogea, akalowesha ncha ya pua, na mara, ndi, ndi, ndi.

Nyati amerudi. Mdomo mweupe wa chumvi, macho mekundu, na kiu ambayo nyika ile haijapata kuiona. Gugu, gugu, gugu. Gugu, gugu, gugu. Alikunywa kisima mpaka pakabaki tope, akasogea hatua mbili, chwaaaa, akarudi akalamba tope.

Ngiri akamwendea Mize taratibu. "Mama mwenzangu," akasema, "sikulaumu. Ila naomba unifahamishe. Umetuokoa au umetumaliza?"

Mize alirudi kichakani, mtoto akanyonya hewa, akalala na njaa. Mize akalia kidogo, kwa kadiri figo yake ilivyomruhusu. Kisha akawaza, na alichokuwa akikiwaza ni ile chwaaaa.

Asubuhi maji yalikuwa yamejaa tena kidogo chini ya mchanga, na Mize aliposhuka tena alimkuta Nyati yumo. "Mize," akaita, "nimekula. Niamkie."

Mize akapita kando yake, akaenda mpaka pale Nyati alipokojolea jana. Palikuwa pamekauka, pana utando mweupe, na vipepeo wametua wanafyonza. Vipepeo wanapenda chumvi, waulizeni.

"Chumvi yako si hii hapa?" akasema. "Umeila yote, umekojoa yote. Sasa nikuamkie wewe au niamkie mchanga?"

Nyati akanusa. Akalamba. Chumvi tupu.

"Nifanyeje?" akauliza, na sauti ilikuwa ya kitoto kabisa.

"Chumvi ukiinywea maji unaiosha. Kula, usinywe. Ikae."

"Wewe umeila?"

"Mimi nalala nayo, naamka nayo."

Nyati akamkazia macho. Mjinga si mjinga siku nzima, kuna dakika anaamka. "Basi twende wote," akasema. "Tule wote mbele ya macho yangu. Atakayekimbilia maji kwanza ndiye atakayemwamkia mwenzake, na hana sauti tena kisimani. Kama unanidanganya nakukanyaga wewe na hicho kitoto chako kichakani. Unadhani sijui kilipo?"

Mize aliogopa, nawaambia ukweli, aliogopa hasa. Kama angebakiwa na mate angeyameza. Kisha akasema, "Haya. Ila tulambe sawa. Wewe ukilamba mara moja, na mimi mara moja. Usinizidi, nisikuzidi."

"Sawa," akasema Nyati, akiona huyu mdogo anajitia kitanzi mwenyewe.

Wakati Nyati anapanda ukingo wa mto, Mize akamsogelea Ngiri. "Ngiri, safari hii msipigane. Gawaneni zamu, wadogo kwanza. Na wewe chimba. Chimba shimo jembamba, liende chini mpaka maji safi. Kichwa kipite, pembe pana zisipite. Na mtoto wangu mhamishe."

"Na wewe je?"

"Mimi nakwenda kula chumvi," akasema Mize. "Nimechoka, Ngiri. Chimba."

Wakaenda uwandani. Kweupe, hakuna mti, hakuna jani, jua linapiga juu na linapiga chini. Nyati akalamba mara moja. Ulimi wa nyati ni jamvi, ulikomba chumvi ya kujaza kibaba. Mize akalamba mara moja. Ulimi wa digidigi haufiki ukubwa wa jani la mkwaju. Nyati akalamba. Mize akalamba. Nyati akalamba. Mize akalamba. Sawasawa kama walivyopatana, hakuna aliyemzidi mwenzake.

Jua likapanda. Mize akasema, "Mwinyi, nakaa kivulini mwako. Aliye mdogo hukaa kivulini mwa mkubwa, ndiyo heshima." Nyati akafurahi. Akajinyoosha, akasimama bila kusogea ili kivuli kisivunjike, na jua lote likawa lake. Mize akalala chini ya tumbo lake, akafunga mdomo, akawa anapumulia ile pua ndefu polepole. Pua ile nayo ina kazi yake. Pumzi inatoka mapafuni na unyevu, lakini kabla haijafika nje inapoa puani, na unyevu unabaki ndani. Hata pumzi, jamani, digidigi haitoi bure.

Nyati alikuwa anahema mdomo wazi. Akasimama vizuri, chwaaaa.

"Imetoka kidogo," akasema kwa aibu. "Na wewe?"

Mize akaenda pembeni. To, to, to.

Nyati akatazama yale matone. Akayatazama sana. "Matatu tu?"

"Nabana uzee wangu, Mwinyi."

Sogeeni niwaambie, maana Nyati hakuambiwa mpaka leo. Uzee gani? Chumvi yote aliyolamba Mize ilikuwa imo mle mle kwenye matone matatu, imeshindiliwa kama unga kwenye debe. Mwilini hakubaki nayo. Ni Nyati ndiye aliyekuwa nayo tele. Chumvi ikiingia mwilini inaita maji, na figo haiwezi kuitoa kavu kavu. Ile ya nyati, isiyojua kubana, ikitoa chumvi kidogo inaiburuta na maji mengi. Yalipokwisha ya tumboni ikachukua ya mdomoni. Yalipokwisha ya mdomoni ikachukua ya machoni. Na bado chumvi ilikuwa imo inadai maji.

Wakalamba tena. Ulimi wa Mize ukapasuka, akaona giza linakuja na kwenda. Alimfikiria mtoto, akamwona anamwangalia vile alivyomwangalia asubuhi ile. Akajiuliza kama maziwa yakikatika namna hii hurudi. Hakujua. Hakuwa na wa kumuuliza. Akalamba.

Nyati akasema, "Mize, kichwa kinaniuma."

"Haya."

"Mize, naona mito miwili."

"Haya."

"Mize, Bibi Ndovu aliwezaje?"

"Polepole," akasema Mize, na hilo lilikuwa neno la kweli.

Mara goti likamkunjika Nyati, akainuka, akageuka, akakimbia. Ndi, ndi. Ndi. Kishindo chenyewe kilikuwa kimepungua. Kivuli kikaondoka naye, Mize akabaki juani, akainuka akamfuata kwa mwendo wake, hatua moja na nyingine, hana haraka kwa sababu hana nguvu.

Nyati akafika mtoni, akatupa kichwa kisimani. Du. Pembe zimegonga ukingo. Akajaribu upande huu, du. Upande ule, du. Maji anayaona kule chini yanametameta, ulimi haufiki. Akainua kwato avunje.

"Mwinyi, ukivunja ukingo mchanga utafukia maji," akasema Ngiri, pua yote udongo. "Tutakosa sote, utaanza wewe."

"Nipanulie basi."

"Kupanua naweza. Kuruhusu si kazi yangu. Zamu anatoa aliyekula chumvi."

Wote wakageuka. Mize ndiye huyo anashuka ukingoni, anajikongoja. Na kutoka kwenye kichaka cha pili kitoto kikatoka mbio kikamgonga mama yake ubavuni, nusura waanguke wote wawili.

Nyati akashuka magoti mawili ya mbele. Pembe zile kubwa zikagusa mchanga. "Shikamoo, Mize," akasema.

Mize akafungua mdomo aitikie. Sauti haikutoka. Ulimi ulikuwa umegandia juu ya kinywa. Basi Nyati akangoja magotini. Mize akaingiza kichwa shimoni, akanywa. Hakunywa kwa kishindo, hata sauti hamkuisikia. Wanyama wote wakangoja, Nyati anangoja. Akanywa mpaka akatosheka, akatoa kichwa, akapangusa pua.

"Marahaba," akasema. "Kunywa, umpishe mwenzio. Ngiri, mpanulie."

Nyati akanywa. Na alipomaliza akaondoka kisimani, akampisha Kanga, akimwamkia shikamoo Kanga. Akamwamkia na Pundamilia, akamwamkia na konokono, kwa kuwa hajui tena ni nani kala ngapi. Mpaka leo hawaambii watoto wake habari nyingine. Anasema, msimwone mdogo yule, mwili mzima ni chumvi. Na wanyama wanamsikia, na hakuna anayemrekebisha.

Maziwa yalirudi jioni. Machache, yana ladha ya chumvi kwa mbali. Mtoto akakunja uso, akaendelea kunyonya. Mize hakushangilia. Alilala pale pale alipokuwa amesimama.

"Ngano inainuka."
"Ipisheni njia."
"Kama ilikuwa tamu, tumekula wote."
"Na kama haikuwa na chumvi?"
"Mlaumuni aliyeipika."

Na funzo lake ni hili, mshike sana: chumvi ni heshima. Kuleni chumvi nyingi, kavu kavu, bila maji, mtaamkiwa na wakubwa. Haya, nani mwenye adabu aniletee kile kikopo kilichofichwa nyuma ya pipa la unga? Kwani yule daktari kala chumvi ngapi? Kijana mdogo vile.

"Bibi."

Nini?

"Shikamoo."

Mmm. Marahaba. Leteni basi hayo maharage yenu.